Nusu ya Tembe

Walubengo alirudi nyumbani Kianda jua likingali juu, akavua viatu vyake vyenye simenti mlangoni, na badala ya kuuliza kama kuna chai akauliza, "Ile maji yako nyekundu imebaki pakiti ngapi?"

Mkewe, Nanyama, alikuwa akichambua majani ya kunde ndani ya karai. Aliinua kichwa. Kwa muda wa miezi miwili mumewe hakuwahi kuyataja maji hayo ila kwa kuyacheka.

"Kuna nini?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe huulizi kitu bure, Baba Rachael."

Walubengo alikaa kwenye stuli akajikuna plasta iliyomkaukia mkononi. Alikuwa fundi wa plasta katika jengo la ghorofa kumi na tatu kule Kilimani. Siku nzima husimama juu ya jukwaa linaloning'inia kwa nyaya, akilainisha ukuta kwa mwiko, na wapita njia walio chini wanaonekana wafupi kama chupa. Mchana huo msimamizi wao, Mutinda, alikuwa amewakusanya na kuwaambia kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao kila anayepanda juu atapimwa presha kwanza. Atakayepita mia moja sitini hapandi.

"Kuna mtu ameanguka?" Nanyama aliuliza.

"Si kwetu. Site nyingine. Walisema ni kizunguzungu."

Nanyama akarudisha macho kwenye kunde. Alijua, na mumewe alijua kwamba anajua. Mwezi wa pili kanisa lao lilileta wauguzi wa kupima watu bure, na Walubengo akakutwa na mia moja themanini na mbili. Alitoka pale akisema mashine za bure zote zimeharibika. Nanyama alipimwa kwa mashine hiyo hiyo, naye akakutwa na presha, ila yeye aliisadiki. Ndipo akaelekezwa Kawangware, kwenye kituo kidogo kilichokuwa kikitafuta watu wenye presha kwa ajili ya utafiti wa ua liitwalo rozela.

Muuguzi wa huko, Wamucii, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amemweleza kwa subira. "Mishipa ya damu ni kama mpira, mama. Ya mtoto inanyumbuka. Ya mtu mwenye presha inakakamaa, na moyo unasukuma kwa shida. Sasa ndani ya mimea kuna vitu vinaitwa flavonoidi. Viko kwa vitunguu, viko kwa majani chai, viko kwa hizo mboga chungu za kwenu. Na viko vingi kwa hili ua. Tunadhani vinafanya mishipa ilegee. Tunadhani tu. Ndiyo maana tunawapima." Kisha akainua kidole. "Na tembe zako nyeupe za presha unameza kama kawaida. Ua haliko hapa kufukuza tembe."

Hivyo kila asubuhi na kila jioni Nanyama alichemsha pakiti moja, akanywa, akaweka tiki kwenye kadi. Alikuwa ameshuka hadi mia moja thelathini na sita.

"Si wewe umeshuka?" Walubengo alisema sasa.

"Nimeshuka. Lakini pia nameza tembe."

"Basi nipe hiyo maji. Hizi wiki tatu tu. Nikishapimwa nakuachia."

"Niliweka sahihi. Walisema nisimpe mtu."

"Kwani mimi ni mtu?"

Nanyama alitaka kucheka, lakini aliutazama uso wa mumewe akaona hafanyi mzaha. "Enda hospitali, Baba Rachael. Uandikiwe zako."

"Nikiandikiwa, nitakuwa na kadi. Nikiwa na kadi, Mutinda atajua. Nikishushwa kwa ukuta, tutaishi na nini? Hiyo maji yako ya kufulia watu nguo?"

Neno hilo lilipotoka, hata yeye alilisikia likianguka. Nanyama alikuwa akiwafulia watu nguo Nyayo Highrise, siku nne kwa wiki, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni tangu Rachael, binti yao wa pekee, akiwa shule ya msingi hadi akaolewa Kimilili. Nanyama alimaliza kuchambua kunde, akaziinjika jikoni, kisha akachemsha maji mengine kwenye sufuria ndogo, akatia pakiti moja. Maji yakawa mekundu. Akamwekea mumewe kwenye kikombe.

Walubengo akanywa akiwa amesimama, akakunja uso. "Ni chungu kama deni," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Asante, Mama Rachael."

Nanyama akachukua kadi juu ya kabati, akaweka tiki.

*

Tiki ya kwanza ilimsumbua. Ya tano haikumsumbua tena. Kila mara mumewe alipomaliza, Nanyama alitia maji kidogo kwenye kikombe kile, akayazungusha na kuyanywa yakiwa ya waridi tu, ili aweze kujiambia kwamba na yeye amekunywa.

Walubengo alisema anaisikia dawa ikipita. Alisema kichwa kimekuwa chepesi. Wiki ya kwanza alienda kazini akipiga mluzi. Lakini Jumanne ya wiki ya pili alirudi akiwa ameficha mkono wa kulia mfukoni, na Nanyama alipoutoa akakuta mstari mbichi umekata kiganja.

"Ni nini?"

"Waya."

"Waya wa jukwaa? Uliushika wa nini?"

Walubengo alijaribu kuurudisha mkono mfukoni. "Ukuta ulinijia," akasema mwishowe. "Nilikuwa ghorofa ya tisa. Nikaona ukuta unanijia, halafu unarudi nyuma. Nikashika waya. Mwenzangu alidhani nacheza."

Nanyama alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha akafungua pakiti ya tembe zake nyeupe, akaweka moja juu ya kisahani, akatafuta wembe mpya. Tembe ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, na kuikata sawasawa kulitaka mkono uliotulia. Ilipasuka katikati. Vumbi lake akalilamba kidoleni.

"Nusu yangu, nusu yako," akasema.

Walubengo alitazama kile kipande. Alikuwa mtu aliyeapa kwamba hataanza dawa ambayo haina mwisho. Akakimeza bila maji.

Tangu siku hiyo wembe ulikaa pembeni ya sukari. Na zile siku ambazo Walubengo aliamka macho mekundu akishika kisogo, Nanyama hakukata. Alimpa nzima, akamwambia yeye ameshameza yake. Hakuwa mwongo kwa tabia. Alishangaa jinsi uongo ulivyomjia kwa upole, kama vile ni aina nyingine ya kumpikia mtu.

Kule Nyayo Highrise, ghorofa ya nne, nguo zilianza kuwa nzito. Alhamisi moja, akisuuza mashuka ya bibi mmoja aitwaye Waithira, aliona vidoa vyeusi vikielea mbele ya macho. Akashika ukingo wa sinki akasubiri vipite. Nyuma yake Waithira alikuwa ameinua shati kwenye kamba, akilinusa.

"Nanyama, hii bado iko na povu. Siku hizi unafanya kazi kama mtu amelala."

"Pole, madam. Nitarudia."

Akarudia.

*

Ijumaa kabla ya ile Jumatatu ya kupimwa, zamu yake ya Kawangware ilifika. Alitembea kwa miguu kama kawaida, akapitia Olympic, akavuka Ngong Road, akashika Naivasha Road hadi sokoni, na kituo kilikuwa nyuma ya vibanda vya viazi. Safari hiyo alipumzika mara tatu njiani.

Wamucii alimpima, akatazama mashine, akampima tena. Akamwambia akae dakika kumi bila kuongea. Akampima mkono wa pili.

"Mia moja sabini na nne juu, mia moja na nne chini," akasema polepole. "Mama Rachael, ulikula nini?"

"Ugali tu, sista."

Kisha Wamucii na daktari mmoja kijana wakamlaza kwa kipimo kingine, cha mishipa. Walimfunga mkanda mkononi, wakaukaza hadi vidole vikafa ganzi, wakamwacha hivyo dakika tano. Walipoufungua, daktari kijana akatelezesha kifaa baridi juu ya ngozi, na kwenye kioo cha mashine mshipa wake ukaonekana, duara jeusi likipumua. Nanyama aliwahi kuuona mara ya kwanza alipojiandikisha. Siku hiyo aliambiwa kwamba damu ikirudi kwa kasi, mshipa mzuri hujipanua kuipokea. Leo duara lile lilikaa vilevile.

"Namba sitini na moja haifunguki," daktari kijana alimwambia Wamucii juu ya kichwa cha Nanyama, akimtaja kwa namba ya kadi yake. "Mwezi uliopita ilikuwa fiti. Pakiti zimerudi zote?"

"Zote. Tupu. Tiki zote ziko."

"Tembe?"

Wamucii alimwomba Nanyama amwage mkoba wake juu ya meza. Vikatoka kitambaa, simu, kipande cha sabuni alichopewa Nyayo, na pakiti za tembe. Daktari kijana akazihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa sawa kabisa na zilivyotakiwa kuwa.

"Basi dawa imemshinda," daktari akasema, akianza kuandika. "Tuongeze dozi. Na tuandike kwamba kwa huyu kinywaji hakikusaidia."

Nanyama alikuwa bado amelala pale, mkono ukimwasha damu ikirudi. Alifikiria lile neno, hakikusaidia, likienda kuandikwa, likisomwa na watu asiowajua, kwa sababu ya kikombe alichokizungusha kwa maji. Akaona aibu iliyokuwa kubwa kuliko hofu.

"Usiandike, daktari," akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Sijanywa. Ni mzee wangu amekunywa. Na tembe tunagawana, nusu kwa nusu. Siku zingine nampa nzima."

Daktari kijana aliguna kwa hasira, akatoka na kadi yake. Wamucii alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Nanyama alingoja matusi. Muuguzi yule alimsaidia tu kuvaa sweta, kwanza mkono wa kushoto, halafu wa kulia, kama mtoto.

"Yeye ana ngapi?"

"Mia moja themanini na mbili. Tangu mwezi wa pili. Anapanda jengo, sista. Jumatatu watampima. Akipita hiyo sitini watamshusha."

"Na wewe ukaona heri upande wewe ndiyo yeye asishuke."

Nanyama alijifuta macho kwa mkono wa sweta, kisha akauliza jambo lililokuwa likimla muda wote. "Hayo maji, sista. Nilipompa, si angalau yamemsaidia?"

Wamucii alimfunga kifungo cha juu cha sweta. "Unakumbuka siku ya fomu? Nilikwambia watu wamegawanywa. Nusu wanapewa ua. Nusu wanapewa maji yenye rangi na uchungu tu, ndiyo tuone tofauti. Pakiti zinafanana."

"Mimi nilipewa gani?"

"Sijui, mama. Hata mimi wamenificha. Pengine ulimpa ua. Pengine ulimpa rangi." Akamshika bega. "Na hata kama ni ua, haliwezi kubeba mia moja themanini na mbili peke yake. Linasaidia mtu anayesaidiwa pia na tembe, na chumvi kidogo, na kulala. Halisimamishi mtu hewani."

Nanyama aliona, mbele yake kabisa, ukuta wa ghorofa ya tisa ukija na kurudi.

"Mlete," Wamucii alisema. "Hata Jumatatu. Mimi nitaandika ukweli kwenye kadi yako, na sikuahidi kama watakuacha kwenye utafiti. Lakini wewe mwenyewe sikufukuzi."

*

Walubengo alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Mkewe alipofika mahali alipomtaja, Walubengo alipiga meza, wembe ukaruka na kuanguka sakafuni.

"Umeniuza! Watu wa Kawangware sasa wanajua presha yangu kuliko mimi!"

"Hawakuuliza jina."

"Na siku mbili tu zilikuwa zimebaki! Ungenyamaza siku mbili!"

"Nimenyamaza wiki tatu, Baba Rachael. Huenda nilikuwa nakupa rangi."

"Rangi gani?"

Akamweleza. Walubengo alisikia, akatafuta pa kuiweka habari ile, akakosa. Alikuwa ameyasifu maji yale. Alikuwa ameyasikia yakipita. Alikaa kwenye stuli, na kwa mara ya kwanza tangu Nanyama arudi akamtazama vizuri: miguu iliyovimba juu ya malapa, midomo iliyokauka.

"Wewe ulikutwa na ngapi?" akauliza.

"Wacha tu."

"Mama Rachael. Ngapi?"

"Mia moja sabini na nne."

"Na mwezi uliopita?"

"Si unajua."

Alijua. Mia moja thelathini na sita. Siku ile Nanyama alikuwa amerudi akiimba, na yeye akamcheka. Walubengo alihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mifuko ya simenti, kutoka thelathini na sita kwenda sabini na nne. Alipofika mwisho akainama, akauokota wembe, akautupa nje kwenye ndoo ya taka.

Jumamosi asubuhi Nanyama alikata tembe kwa kisu, akamwekea nusu yake. Walubengo aliirudisha kwenye kisahani, akakisukuma mbele ya mkewe. "Meza," akasema. "Yote mbili." Akabaki hapo hadi alipoona koo lake limepanda na kushuka. Jumapili akafanya vivyo hivyo. Kanisani hakuimba. Nanyama alimsihi aende naye Kawangware kabla ya kazi, naye akatikisa kichwa.

"Kesho napimwa na Mutinda. Bila kitu ndani. Ikisema nishuke, nitashuka."

*

Jumatatu, karibu saa tano, Nanyama alikuwa akiloweka mapazia ya Waithira bafuni, kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa mlinzi wa geti.

"Kuna mzee huko chini anasema ni bwana yako. Nimemwambia mafundi hawaingii bila mwenye nyumba kunipigia simu. Amekataa kuenda."

Alishuka ngazi mbili mbili, mikono ikichuruzika povu. Walubengo alikuwa amesimama nje ya geti kwenye jua, mfuko wa miko na ubao wa plasta miguuni pake, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mlinzi alikuwa amemwacha hapo nusu saa. Kwa miaka yote ambayo Nanyama alikuwa akifua Nyayo, mumewe hakuwahi kufika, kwa kuwa hakutaka kumwona akiitwa kwa jina lake tupu na watoto wa watu.

"Mia moja tisini na moja," alisema kabla hajaulizwa. "Mutinda alidhani mashine imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, ni mimi."

"Amekufukuza?"

"Amenipa koleo. Nichanganye simenti huko chini na vijana, kwa pesa ya vijana, mpaka ishuke. Akasema nilete karatasi ya hospitali." Aliigeuza kofia mkononi. "Walicheka kidogo, Mama Rachael. Halafu wawili wakakataa kupimwa, wakaenda kukaa kando. Nadhani ni wenzangu."

Nanyama alimtazama. Wakasimama hivyo, na geti katikati yao.

"Huko Kawangware wanafunga saa ngapi?" Walubengo akauliza. "Twende. Lakini uende na mimi. Mimi sijui kuongea na hao watu."

Nanyama alipanda tena hadi ghorofa ya nne, akajikausha mikono, akasimama mlangoni pa sebule. "Madam, naomba ruhusa. Nina presha. Na mzee wangu ana presha. Tunaenda kliniki."

Waithira aliinua macho kutoka kwenye simu. "Presha? Wewe? Na vile umekonda hivyo?"

"Haichagui, madam."

"Na mapazia yangu?"

"Yaloe tu. Nitakuja kuyasuuza jioni."

Hakungoja kuambiwa ndiyo. Alishangaa baadaye, akiwa Ngong Road, kwamba hakungoja.

Walitembea polepole, wakipokezana ule mfuko wa vyombo, wakipumzika kila mmoja alipohitaji bila kuulizana ni nani aliyechoka. Kituoni Wamucii aliwaona kwa mbali akawafungulia mlango wa pembeni. Kwanza alimwambia Nanyama lake, waziwazi: wamemtoa kwenye utafiti. Pakiti nyekundu azirudishe. Tembe atakuwa akichukua zahanati ya serikali, kila mwezi, kwenye foleni pamoja na wengine. Nanyama alikubali kwa kichwa. Ilimuuma kidogo kuliko alivyotarajia.

Kisha Walubengo akakunja mkono wa shati. Alifumba macho mkanda ulipokaza, na Wamucii alipomwambia namba hakubishana nayo. Aliuliza tu kama ni kweli dawa hii haina mwisho.

"Ni kweli," Wamucii alisema. "Hata kula hakuna mwisho, mzee, na hujalalamika."

Akavuta kadi mpya, akaandika jina na mtaa, akauliza maswali yake moja baada ya jingine. Chumvi? Sigara? Baba yako alikufa na nini? Walubengo alijibu yote. Halafu muuguzi akafika chini ya kadi.

"Nani nyumbani atakukumbusha kumeza?"

Walubengo alimnyooshea mkewe kidevu.

"Nilijua. Na huyo anayekukumbusha, yeye nani atamkumbusha?"

Nanyama alikuwa tayari kusema kwamba hahitaji, kwamba hajawahi kuhitaji. Walubengo alimtangulia.

"Mimi," akasema. "Andika mimi. Nitakuwa naangalia koo lake."

Wamucii alicheka hadi kiti kikalia, na Walubengo naye, aibu ikimtoka, akatabasamu akitazama sakafu. Muuguzi akaandika. Akatoa pakiti mbili za tembe nyeupe, moja akampa mume, moja akampa mke, kila mmoja mkononi mwake mwenyewe.